Mgeni Rasmi wa Birika

Katika chama chetu cha waandishi wanawake hapa Kampala hakuna mshahara, ila vyeo vinatosha kugawiwa mtaa mzima. Mimi niliingilia kwenye birika. Jumatatu jioni akina mama wakikaa kusomeana miswada, kazi yangu ilikuwa kumimina chai ya tangawizi, kupitisha mandazi na kunyamaza. Mwenye ufunguo wa stoo akaolewa Mbarara, ufunguo nikaachiwa mimi. Mtunza hazina akachoka kudai ada, daftari likaja kwangu, eti nina sura ya mtu asiyesamehe deni. Nikawa msomaji wa prufu kwa sababu miwani yangu ndiyo iliyokuwa mipya. Nikawa karani wa vikao. Malipo ni yale yale: Mungu akulipe, mwanangu.

Msituchanganye na Femrite, kile chama kingine cha waandishi wanawake kilichoko Kamwokya, iliyoanza 1995 na yenye vitabu vyake madukani. Sisi tunaazima sebule.

Basi shule moja ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ikamwalika mshairi wetu mkubwa, tumwite Mama Mshairi, awe mgeni rasmi tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu baraza la mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima shuleni, vilabu vya Kiswahili vimeamka. Mimi nikapandishwa cheo tena: mkuu wa usafirishaji. Maana yake nilibeba maboksi.

Tuliondoka usiku wa manane. Kulipokucha basi likasimama Migyera, pale wachoma nyama wanapovamia madirisha na mishikaki mkononi. Mama Mshairi akateremka kujisaidia, mkoba wake akaniwekea mapajani. Mimi nilikuwa nimeegemea boksi la vitabu, nikapitiwa na usingizi.

Nilizinduliwa na simu iliyolia ndani ya mkoba. Nyani wa Karuma wamekaa kandokando ya barabara wakingoja maganda ya ndizi, daraja la Nile liko mbele yetu, na kiti cha jirani yangu kitupu.

"Mwambie dereva arudi!" Alikuwa ameazima simu ya muuza nyama, na namba pekee aliyoikumbuka kichwani ni yake mwenyewe.

Nikaenda mbele kumsihi dereva. Hata hakugeuza shingo. "Dada, basi langu likirudi nyuma, ujue limekosa breki."

Nikamrudishia Mama jibu, bila ile habari ya breki. Akavuta pumzi. "Nitapanda chochote kitakachopita. Wewe tangulia, uwaombe radhi. Na daftari langu la mashairi usiliguse!"

Getini Arua nilipokewa na adungu, vinubi vya huko. Wasichana wamejipanga mistari miwili, wanacheza, wanapiga vigelegele, na kabla sijatua boksi nikavishwa shada la maua shingoni. Mwalimu mkuu akanishika mikono yote miwili.

"Karibu, Mama Mshairi! Tulidhani wewe ni mtu mzima sana!"

"Shikamoo madamu. Mimi siye. Mshairi yuko njiani. Mimi ni wa chai."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akawageukia wasichana. "Mmesikia? Mtu ameandika vitabu, anasema yeye ni wa chai! Hiyo ndiyo adabu! Mpigieni makofi ya kilo!"

Makofi yakapigwa. Nikajaribu tena kwenye meza kuu, nikamnong'oneza mwalimu wa Kiswahili kwamba mimi ni mtu wa kujitolea tu, nabeba na kumimina. Naye akainuka na kuwatangazia watu wote kwamba mgeni wetu amesema fasihi ni kujitolea. Nilimwangalia nikaona yule bwana angefaa sana kuwa mwanasiasa. Kila nilichokanusha kiligeuzwa hekima, nikaona heri ninyamaze. Hapo ndipo waliposema nina busara.

Ikafika zamu ya mashairi. Agizo la daftari nililitii: halikutoka mkobani. Ila nilikuwa nimeyasoma yale mashairi kwenye prufu mpaka nikaota nayo, kwa hiyo niliyaghani kwa kichwa, na sauti ya kwetu Bombo, ambako babu zetu Wanubi walijifunza Kiswahili kwenye kambi za jeshi, ikanisaidia. Ukumbi ukatulia.

Kisha maswali. Nataka mwenyekiti wangu ajue kwamba birika ni chuo. Miaka yote ile unayomimina chai, masikio hayamimini. Msichana akauliza shairi la kimapokeo linapimwaje. Nikamwambia mizani nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, maneno niliyowahi kuyasikia yakigombewa hadi sukari ikamwagika. Mwingine akauliza wanawake walianza lini. Nikamtajia mkutano wa waandishi wa Makerere mwaka 1962, ambako wanawake kama Grace Ogot wa Kenya walikuwa wa kuhesabika, nikawaongeza wa hapa kwetu, Barbara Kimenye na Elvania Zirimu. Wa nyuma kabisa akasimama, macho yamemtoka:

"Je, ni wewe uliyeshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007?"

"Hapana! Huyo ni Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kuipata."

Madamu akatikisa kichwa kwa masikitiko matamu. "Hata hilo anakataa."

Tulikuwa tumeandaliwa ugali wa muhogo na samaki wa Pakwach pale lori la unga lilipoingia uwanjani. Akashuka mtu mweupe kuanzia kilemba hadi viatu. Kwa mwendo tu nikamjua.

"Mshairi ni mimi!" akasema mlangoni, unga ukimtoka mdomoni.

Madamu akamtazama, akanitazama, akaangua kicheko kipya. "Watu wa Kampala mna utani! Huyu anajiita wa chai, wewe wa chai unajiita mshairi! Umechelewa, mama, watu wana kiu. Jamani, mpeni birika."

Nikainuka nimpishe kiti. Ukumbi ukadhani nainuka kumpa heshima msaidizi wangu. Makofi ya kilo mengine. Mama Mshairi alisimama palepale, birika limeshawekwa mkononi. Sijui alifikiria nini. Alikuwa hajala tangu jana, na mtungi wa chai ulikuwa karibu kuliko maelezo. Akajimiminia kikombe cha kwanza, akakimaliza wima, kisha akaanza kuzunguka meza.

Jioni tulieleweshana na madamu, kwa kitambulisho chake na picha iliyo nyuma ya kitabu. Alitahayari sana, akatuongezea kuku juu ya mbuzi aliyekwisha kunizawadia. Safari ya kurudi Mama hakunisemesha mpaka tulipokaribia Kampala, na hata hapo aliniuliza tu kama mbuzi amelipiwa nauli.

Majuzi shule ikaleta barua. Kusoma barua kikaoni ni kazi ya karani, yaani mimi. Wanatualika tena mwakani. Wanamtaka Mama Mshairi, safari hii yule mwenyewe. Chini kabisa madamu ameongeza kwa kalamu: "Na aje na mwenzake aliyetughania. Lakini chai amimine Mama, ile ya mwaka huu bado inasifiwa."

Sebule nzima ikamgeukia yeye. Akakunja miwani yake taratibu.

"Andika: barua imepokelewa," akasema. "Halafu chai iko wapi?"