Hii h Inanitafutia Nini?

Ukimwambia mtu unajifunza kushona, atakuletea kitambaa. Mwambie unajifunza kalkulasi, zile hesabu za kupima vitu vinavyobadilika, tena nyumbani, tena una watoto, uone. Shemeji yangu alinitazama kwa huruma: "Shemeji, kazini kwema?"

Kwema. Anayeniudhi ni h.

Unachukua x², unataka kujua inapanda kwa kasi gani. Kitabu kinasema isogeze x kidogo tu, kiasi cha h. Haya. Unafungua mabano ya (x + h)², unatoa x², unabaki na 2xh + h². Sasa gawa kwa h. Hapo kitabu kinaapa kabisa kwamba h si sifuri, maana kugawa kwa sifuri ni marufuku. Sawa, unapata 2x + h. Mstari unaofuata, h imekuwa sifuri! Itupe! Jibu ni 2x. Ni kama mpiga debe: basi likiwa tupu wewe ni bosi, likijaa hakujui.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 1734 askofu George Berkeley wa Ireland aliwajia juu wanahisabati kwa jambo hilihili. Mpaka karne ya 19 ndipo wanahisabati kina Cauchy wakaeleza vizuri maana ya ukomo, yaani ile thamani ambayo jibu linaikaribia h ikikaribia sifuri bila kuwa sifuri. Muda wote huo watu walikuwa wanapata majibu sahihi bila kujua kwa nini. Wana bahati. Mimi hata hayo majibu sijayaona.

Mama watoto naye kasikia kwamba Newton aliyaanza haya akiwa kwao kijijini, chuo chake cha Cambridge kimefungwa kwa tauni ya 1665. Sasa ndio wimbo: "Mwenzio naye si alikuwa nyumbani?" Mwenzangu! Newton hakuoa mpaka anaingia kaburini. Nani alimwambia gesi imeisha? Mimi h yangu ikianza tu kukaribia sifuri, natumwa nyanya.

Nimechungulia sura za mbele, kwenye intigresheni, yaani hesabu hizihizi kinyumenyume: unapewa kasi, unatafuta kilichoizaa. Huko ukimaliza kila kitu unajumlisha C. C ni ngapi? Yoyote! Hebu jioni nimpelekee tajiri wangu hesabu ya duka, nimwambie mauzo ni laki mbili na themanini jumlisha C. Si ataanza kunipapasa mifuko akiitafuta?