Runinga, promota na kona ya bluu: nani amchagulie bondia mpinzani?

Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, katika usiku ambao haukuandaliwa kwa ajili yake. Pambano kuu lilikuwa la Amir Khan na Samuel Vargas. Mwakinyo aliitwa kupigana na Sam Eggington, bondia wa maeneo hayohayo aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Raundi ya 2 refa akaingia kati na kusimamisha pambano, Mtanzania kashinda. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Ila kuna jambo hatukulijadili vya kutosha: kuna mtu alikaa ofisini akapitia majina na rekodi, akaamua kwamba Mwakinyo ndiye anayefaa. Anayefaa kwa nini?

Anayefaa kushindwa. Hilo si tusi kwake, ndivyo biashara inavyokwenda. Promota anakuwa na mkataba na kituo cha runinga unaomlipa fungu fulani kwa idadi fulani ya usiku wa ngumi. Katika fungu hilo anatoa malipo ya mabondia, ukumbi, madaktari, refa na majaji, tiketi za ndege za wageni na hoteli zao. Mabondia anaowamiliki kimkataba ndio mtaji wake, kwa kuwa kila wanaposhinda thamani yao hupanda katika mazungumzo yajayo na kituo. Kwa hiyo mpangaji wa mapambano, ambaye mshahara wake unatoka kwa promota huyohuyo, hutafuta mpinzani mwenye sifa tatu: rekodi isiyotia aibu kwenye skrini, uwezo wa kusimama raundi kadhaa, na uwezekano mdogo wa kushinda. Mwenyeji kwa kawaida anapewa kona nyekundu, mgeni kona ya bluu. Mtazamaji aliyezoea ngumi akiona bluu tu anajua jioni inakoelekea.

Wengi huishia hapo na kusema ni utapeli. Mimi sikubali haraka hivyo, kwa sababu upande wa promota una hoja nzito ambazo mashabiki huzipuuza.

Ngumi haina ligi. Timu ya mpira ikifungwa Jumamosi, inacheza tena wiki inayofuata na pointi zinahesabiwa mwisho wa msimu. Bondia hupigana mara chache kwa mwaka, na kipigo kimoja kibaya kinaweza kumwondolea kitu ambacho mazoezi hayakirudishi. Kijana wa miaka 20 aliyetoka ngumi za ridhaa anahitaji kukutana na mtumia mkono wa kushoto, na mrefu anayepigana kwa mbali, na mkongwe anayekumbatia na kuegemea, kabla hajakutana na mtu wa kumwangusha. Uingereza ilikuwa na mwalimu wa namna hiyo, Peter Buckley wa Birmingham. Alipigana mapambano 300 ya kulipwa, akashinda 32, akashindwa 256, akatoka sare 12. Pambano lake la mwisho, mwaka 2008, alishinda. Miongoni mwa waliompiga walikuwamo vijana waliokuja kuwa mabingwa, na yeye alijua kazi yake: kujilinda, kumpa kijana somo, kurudi nyumbani mzima na kupigana tena baada ya siku chache. Kumwita mtu huyo mlaghai ni kumkosea heshima.

Tena kuna hili ambalo sisi watazamaji hatupendi kulisikia. Pambano la nguvu sawa, lile tunalolililia, ndilo linalodhuru zaidi. Novemba 1982, Ray Mancini na Duk Koo Kim wa Korea Kusini walipigana Las Vegas, kituo cha CBS kikirusha moja kwa moja. Walitwangana bila kupumzika hadi raundi ya 14, Kim akaanguka, na siku chache baadaye akafariki. WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, ilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na wengine wakafuata. Mpangaji anayekataa kumwingiza kijana wake katika vita ya aina hiyo mapema mno anaweza kuwa anaulinda mfuko wa bosi wake, lakini analinda na ubongo wa mtu.

Basi kulinda bondia si kosa. Kosa, kwa maoni yangu, ni pale anayelinda anapokuwa ndiye pekee mwenye neno, na kituo cha runinga kinachotoa fedha kikageuka mpokeaji wa chochote anacholetewa.

Ushahidi wa hilo ni wa zamani. Mwaka 1977 kituo cha ABC cha Marekani kilimpa promota Don King fedha aandae mashindano ya kitaifa ya ngumi, na jarida la The Ring likapewa kazi ya kutoa viwango vya kuchagulia washiriki. Kwenye karatasi mpango ulipendeza: promota mwenye uzoefu, jarida lenye heshima, runinga yenye watazamaji. Kumbe rekodi za baadhi ya mabondia zilikuwa na ushindi wa mapambano ambayo hayakuwahi kupigwa. Februari mwaka huo, Scott LeDoux alinyimwa ushindi dhidi ya Johnny Boudreaux ambao wengi waliona ni wake, akapandwa na hasira, akarusha teke kumlenga Boudreaux, na katika vurugu hiyo nywele za bandia za mtangazaji Howard Cosell zikamtoka mbele ya kamera. Watu walilikumbuka tukio hilo la nywele. Lililokuwa na uzito zaidi ni kwamba ndani ya ABC kulikuwa na kijana anayeitwa Alex Wallau aliyekuwa ameshaonya kwa maandishi kuwa wengi wa washiriki hawana kiwango. Hakusikilizwa hadi kashfa ilipolipuka na mashindano kufutwa. Kituo kilikuwa na jicho lake lenyewe, kikalifumba.

HBO, kituo kingine cha runinga cha Marekani, ilijenga utaratibu tofauti. Iliingia katika ngumi Januari 1973, usiku ambao George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita huko Kingston, Jamaika, na kwa miongo iliyofuata ikawa na watu wake wenyewe wa kukagua mapambano. Promota alileta majina mawili, HBO ingeweza kusema: huyu ndiyo, huyu hapana, tafuta mwingine ama fedha hakuna. Mei 2002 ilionyesha Arturo Gatti na Micky Ward, mabondia ambao siku hiyo hawakuwa wakigombea mkanda wowote wa dunia. Ward alishinda kwa pointi baada ya raundi 10 ambazo mashabiki bado wanazirudia kuzitazama, wawili hao wakapigana mara mbili zaidi, na malipo yao yakapanda. Hakuna rekodi safi iliyolindwa pale, kila mmoja alikuwa ameshashindwa mara kadhaa. Kilichouzwa ni usawa wao.

Nisiipambe HBO kupita kiasi. Kituo hichohicho kilimlipa bingwa Roy Jones Jr. fedha nono miaka ambayo alikuwa akitetea mikanda dhidi ya watu wasiomfikia kabisa. Januari 1999 mpinzani wake alikuwa Rick Frazier, askari polisi wa New York, na kazi iliisha raundi ya 2. Nyota akishakuwa mkubwa kuliko kituo, haki ya kukataa inabaki kwenye karatasi tu. Ila angalau ilikuwapo.

Kisha ukaja wakati wa mikataba ya kufungiana milango. Floyd Mayweather alihamia kituo pinzani cha Showtime mwaka 2013, Manny Pacquiao akabaki HBO na promota wake Bob Arum, aliyekuwa amegombana na Mayweather zamani. Dunia iliomba pambano hilo tangu 2009. Lilipigwa Mei 2, 2015, wote wawili wakiwa wamevuka umri wao bora, likanunuliwa na kaya milioni 4.6 za Marekani kwa takriban dola 100 kila moja, na likawaacha wanunuzi wengi wakilalamika. Kibiashara hakuna aliyepata hasara. Mayweather alishinda kwa pointi, vituo viwili vikagawana mapato, mapromota wakatajirika. Mtazamaji ndiye aliyelipia miaka mitano ya ugomvi ambao haukumhusu.

Mtetezi wa mikataba hii atasema, bila mkataba wa muda mrefu promota hawezi kumpa kijana uhakika wa kupigana mara nne kwa mwaka. Kweli kabisa. Al Haymon, meneja wa mabondia, alipoanzisha PBC, mfululizo wake wa mapambano ya runinga, mwaka 2015 na kununua muda hewani katika kituo cha NBC, mabondia wengi walilipwa vizuri kuliko walivyowahi kulipwa. DAZN, huduma ya kurusha michezo mtandaoni, ilimpa bondia Canelo Álvarez mkataba wa dola milioni 365 kwa mapambano 11 mwaka 2018. Lakini fedha hizo zilipoingia, vituo vilivyokuwa na uzoefu wa kukagua vilitoka kimoja kimoja: HBO iliacha ngumi mwishoni mwa 2018, Showtime mwishoni mwa 2023. Waliobaki wengi ni wanunuzi wa furushi zima. Promota anauza mwaka mzima, na ndani ya furushi hilo pambano kubwa moja linabeba mengine matano ambayo kila mtu anajua matokeo yake.

Dawa iliyopatikana haikutoka kwenye runinga, ilitoka Riyadh. Saudi Arabia iliweka mezani fedha nyingi kiasi cha kuwafanya mapromota waliokuwa hawasalimiani, Eddie Hearn na Frank Warren, waketi pamoja. Mei 18, 2024, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury na kuwa bingwa asiyepingwa wa uzito wa juu, yaani mwenye mikanda yote mikubwa, wa kwanza tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Kama mpenzi wa ngumi nilifurahi. Lakini mfumo unaotegemea ukarimu wa mfadhili mmoja, ambaye hahitaji kurudisha faida, utadumu kadiri yeye anavyotaka udumu. Afrika tulilionja hilo mapema: mwaka 1974 Mobutu Sese Seko aliwezesha Muhammad Ali na Foreman kupigana Kinshasa kwa dola milioni 5 kila mmoja, na kengele ya kwanza iligongwa karibu saa 10 alfajiri ili Wamarekani watazame usiku kabla ya kulala. Ulingo ulikuwa wetu, saa ilikuwa yao.

Kwetu Tanzania jambo hili si la mbali tena. Azam TV imeingia katika ngumi kwa nguvu, na imefanya kitu ambacho miaka mingi hakikuwapo: bondia wa Manzese au Morogoro anaonekana sebuleni Mwanza, Zanzibar na nje ya mipaka. Mapambano ya Twaha Kiduku na Dullah Mbabe yaliwagawa watu mitaani kwa sababu kila upande uliamini kwa dhati kwamba wa kwake anashinda. Hayakuhitaji jina la Ulaya. Yalihitaji watu wawili wenye kiwango kinachokaribiana na mashabiki wanaowajua.

Sambamba na hayo tumeanza kuwa na kona yetu ya bluu. Wanakuja mabondia kutoka Malawi, Zambia, Kongo na kwingineko. Wapo wanaokuja kupigana kweli na kushinda, na wapo ambao rekodi zao zinaonyesha tangu mwanzo kwamba wameletwa kumpa mwenyeji ushindi na mkanda wenye jina refu. Sisi tuliolalamika vijana wetu walipokuwa wakipelekwa Urusi na Ulaya kupigwa, hatuwezi kunyamaza tunapowafanyia hivyo jirani zetu. Na mwenyeji mwenyewe anadanganywa. Rekodi iliyojengwa hivyo humpandisha haraka hadi siku atakapokutana ugenini na mtu aliyejengwa kwa shida, na siku hiyo hakuna mpangaji wa kumwokoa.

Najua jibu la promota wa Dar es Salaam: fedha za runinga hazitoshi, wadhamini ni wa kubahatisha, tiketi haziuziki bila nyota wa nyumbani, na nyota akipigwa biashara imekufa. Hoja hiyo naiheshimu, kwani wapo waliouza mali zao kulipa mabondia. Ndiyo maana sidai kila pambano liwe la kufa na kupona. Mapambano ya kujifunzia yabaki, yaitwe hivyo na yapangwe mapema jioni, raundi nne au sita, bila mkanda.

Ninachodai kinahusu pambano kuu na lile linalolitangulia. Kituo kinachorusha kiajiri mtu anayezijua ngumi, asiyelipwa na promota, na mkataba useme wazi kwamba mtu huyo akikataa mpinzani, promota atafute mwingine au fungu la pambano hilo lipungue. Malipo ya mgeni yatajwe katika mkataba na yapitie kamisheni inayosimamia ngumi, yasiachwe kwenye mapatano ya hotelini usiku wa kupima uzito. Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Muhammad Ali mwaka 2000 inayomtaka promota amweleze bondia mapato anayopata kutokana na pambano lake, na kumzuia promota asiwe na maslahi ya kifedha katika umeneja wa bondia huyohuyo. Utekelezaji wake umekuwa dhaifu, lakini bondia ana kifungu cha kushika mkononi anapokwenda mahakamani. Bondia wetu anayesaini karatasi ya kurasa mbili bila kujua kituo kimelipa kiasi gani hana hata hicho.

Gharama ya mkaguzi mmoja ni ndogo. Ugumu ni kwamba siku za mwanzo atakataa mapambano ambayo mabango yake yameshachapwa, na kituo kitalazimika kuchagua kati ya saa mbili tupu hewani na pambano ambalo mtu wake mwenyewe amesema halifai. ABC mwaka 1977 ilichagua la pili.