Jogoo wa ghalani

Baba yangu ana ugomvi binafsi na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi. Kuna mwaka alivuna vizuri kuliko majirani wote, akafunga kihenge, akatamba. Alipokuja kukifungua alikuta unga. Namaanisha unga kabisa, na punje zilizosalia zilikuwa maganda matupu. Mdudu mwenyewe hafikii hata ukubwa wa punje ya mchele. Asili yake Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alianzia kujulikana Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazee wengine wakambatiza Skania. Fukusi baba anamvumilia, anasema huyo ni mgeni anayekula akashiba. Dumuzi akimaliza mahindi anahamia kwenye mbao za kihenge.

Ndiyo maana bwana shamba wa kata alipokuja kijijini kwetu, huku Kongwa, kufundisha kuhifadhi nafaka bila dawa, baba alikaa mbele na daftari langu la shule. Aliandika kila kitu. Weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha itulie; chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Baba alipima kila turubai. Wiki ile tulikula mboga haina chumvi, na mama akiuliza anaambiwa ni utafiti.

Siku ya kufunga, bwana shamba alikuja mwenyewe na pikipiki yake kutuonyesha. Magunia yalikuwa yale ya tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni ndani, kiroba nje. Unajaza, unashindilia, unaminya hewa yote itoke, unasokota shingo ya mfuko wa kwanza, unaikunja, unafunga kamba. Halafu wa pili. Halafu kiroba. Wadudu waliobaki ndani wanavuta ile hewa kidogo iliyopo mpaka inawaishia, basi, msiba wao. Kijana alifanya kazi kwa moyo, ameinama kichwa na mabega vyote ndani ya gunia, anashindilia kwa mikono miwili.

Alipomaliza alijifuta jasho, akamwambia baba: "Mzee wangu, haya yasifunguliwe mpaka Januari, bei ikipanda. Ukifungua mapema umewaletea wadudu hewa. Hata akija mkuu wa wilaya, usifungue."

Baba akaandika: hata mkuu wa wilaya.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, jogoo aliwika ghalani. Sisi hatufugi kuku. Bibi ndiye aliyeamka wa kwanza, akaja mlangoni kwa baba na fimbo: "Mmemficha jogoo wa nani humo ndani? Mnataka mle peke yenu?" Tukaingia na tochi. Hakuna jogoo. Magunia yametulia juu ya chaga, na moja kati yao linawika.

Mchana likaanza kuita. Mama, ambaye hawezi kuacha simu iite bila kujibiwa, alikuwa akipepeta karanga pale mlangoni. Akalipazia gunia sauti: "Hayupo!" Likanyamaza. Baada ya muda likaita tena, na mama akasema lazima huyo ni mke wa mtu, mwanaume hapigi hivyo.

Bwana shamba alifika jioni. Alikuwa ameitafuta simu yake ya kitochi kila alikopita. Ilichomoka kwenye mfuko wa shati wakati ameinama. Akasema, "Mzee wangu, shikamoo. Naomba tufungue kidogo tu."

Baba akaitikia marahaba, akaingia ndani, akatoka na daftari. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka pale kwenye mkuu wa wilaya. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Wewe na mkuu wa wilaya, mkubwa nani?"

Tulibembeleza sote. Hata bibi alibembeleza, ingawa yeye bado alikuwa anamdai jogoo wake. Mwishowe baba akalegea, kwa sharti: gunia likifunguliwa limeharibika, kwa hiyo anayelifungua analinunua. Na kwa kuwa mahindi haya yamewekwa kusubiri Januari, bei ni ya Januari. Bwana shamba akasema sasa ni Agosti. Baba akamkumbusha ni nani aliyefundisha habari za Januari.

Ikabaki kujua ni gunia lipi. Nikapiga namba yake kwa simu yangu, na bwana shamba akawa anaweka sikio kwenye gunia moja baada ya jingine kama mkunga. Kazi ngumu, maana mahindi yanameza sauti na magunia yamebanana. Yeye alidhani ni la pembeni. Baba, ambaye akiitwa kula hasikii mpaka mara ya tatu, alitega sikio mara moja tu, akanyoosha kidole kwenye la katikati: "Hili." Heshima kwa wazee, kijana akalipa. Tukamsaidia kulifunga kwenye pikipiki likiwa zima, akafungulie kwake, maana baba hakutaka wadudu waliozimia wazindukie ghalani mwetu.

Alfajiri, saa kumi na moja, jogoo aliwika ghalani.

Mpaka leo sijui kama ni masikio ya baba yaliyokosea. Nilitaka kumpigia bwana shamba nimjulishe, nikakumbuka simu yenyewe ndiyo hiyo inayowika. Haikuwa na haja. Kabla ya chai pikipiki ilishaingia uani, mwenyewe katapakaa vumbi la mahindi mpaka kwenye nyusi. Inaelekea usiku kucha alikuwa akikung'uta gunia.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya ghala, daftari mapajani, amelifungua ukurasa mpya.

"Karibu, kijana wangu," akasema. "Ile bei ya Januari umeshaimaliza. Leo tuzungumze ya Februari."