Usiniambie Alipiga Ngapi, Niambie Handikapu Yake

Habari za gofu kwenye kurasa zetu za michezo zina kasoro moja inayonikera. Utasoma kwamba fulani wa handikapu 18, yaani anayepunguziwa mikwaju 18 kwa kuwa si stadi sana, ameshinda klabuni Nyali, Mombasa, kwa pointi 40, akimpiku mwenzake wa handikapu 9 kwa pointi moja. Basi, imekwisha. Asiyewahi kushika fimbo anabaki akijiuliza: 40 ni nyingi au chache? Mbona kwenye runinga, Kenya Open ikichezwa, bingwa ni yule mwenye namba ndogo? Mtu huyo akikwambia gofu ni mchezo wa mabwanyenye, utamlaumu vipi na hakuna aliyemfungulia mlango?

Majina yenyewe ni mepesi. Kila shimo lina pari, yaani mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji stadi: mitatu, minne au mitano. Ukipunguza mmoja ni badi, miwili ni igo, mitatu ni albatrosi, ambayo wengi hucheza hadi uzeeni wasiipate. Ukizidisha mmoja ni bogi, na huko ndiko wengi wetu tunakoishi.

Kwenye runinga huhesabiwa mikwaju, ndiyo maana namba ndogo hushinda. Kwetu utamu uko kwenye pointi, na mwenye nyingi ndiye bingwa. Mashindano mengi ya klabu za hapa huchezwa kwa mtindo wa Stableford, uliobuniwa na daktari Mwingereza Frank Stableford na kufanyiwa mashindano yake ya kwanza klabu ya Wallasey mwaka 1932. Bogi ni pointi 1, pari 2, badi 3. Ukivuruga kupita bogi unapata sufuri, unaokota mpira wako, unasonga mbele na roho haikuumi sana. Ila hesabu hiyo hufanywa baada ya kutoa mikwaju ya handikapu. Chukua mama wa handikapu 28: kwenye mashimo 10 magumu zaidi anapunguziwa mikwaju miwili, na yale 8 yaliyobaki mmoja mmoja. Shimo gumu kuliko yote, la pari 4, akilimaliza kwa mikwaju 6, kwake hiyo ni pari, pointi 2. Bwana wa handikapu 5 anayecheza naye akipiga 5 hapo hapo, naye ana pointi 2. Wako sare. Nitajie mchezo mwingine unaomkutanisha stadi na anayejikongoja, wote wawili wakatoka jasho la haki.

Kwa mashimo 18, pointi 36 maana yake umecheza sawasawa na handikapu yako. Kwa hiyo 40 ni siku njema, na 28 ni siku ya kwenda moja kwa moja kwenye gari.

Haki hiyo, lakini, inasimama juu ya kadi za kweli. Tangu 2020 mfumo wa dunia wa kukokotoa handikapu huchukua raundi zako 20 za mwisho na kupata wastani wa zile 8 bora. Mfumo huo unajua hata kuona hali ya hewa: matokeo ya siku yakionyesha uwanja ulikuwa mgumu kuliko kawaida, hesabu hurekebishwa. Sisi tunaopigwa na upepo wa kusi kwenye uwanja wa pale Mama Ngina, Mombasa, mpira ukipaa kuelekea bahari, tunajua thamani ya jambo hilo. Usichokiweza mfumo ni kumshika mtu anayezificha raundi zake nzuri ili handikapu ibaki juu, kisha siku ya kombe anarudi na pointi 45 akicheka. Wallahi huo ni wizi, na makofi tunayompigia hayamstahili.

Takwimu nyingine inayodanganya ni idadi ya puti, ile mipigo ya kuusukuma mpira ukiwa tayari kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo. Nasikia watu wakijisifu kwa puti 28. Hebu uliza walifikaje huko. Anayekosa grini kila mara, akaudokoa mpira kutoka pembeni hadi karibu na bendera, lazima puti zake ziwe chache. Anayefika mapema kutoka mbali huachwa na puti ndefu, na zake zitakuwa nyingi ingawa amecheza vizuri zaidi. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alilitatua hilo kwa kulinganisha kila pigo na umbali ulikotoka, na ziara ya PGA ya Marekani, yaani msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, ikaanza kutumia hesabu yake ya puti mwaka 2011. Kwa wataalamu wa ziara hiyo, puti ya futi 8 huingia nusu ya mara. Ya futi 33 huwachukua puti mbili kwa wastani. Sasa wewe wa handikapu 20 unanunia nini ukikosa ya futi 10?

Huhitaji kompyuta kuzilinganisha puti zako na umbali. Kwenye kadi yako, kando ya idadi ya puti, andika hatua ngapi zilikuwepo kutoka mpira hadi shimo kabla ya puti ya kwanza. Kedi wako, yule anayekubebea fimbo, atakuhesabia ukimwomba.