Makao makuu Mvuha: nani kasogezewa huduma, nani kaongezewa nauli?

Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, ile tuliyozoea kuiita Morogoro Vijijini, kwa miaka mingi iliongoza vijiji ikiwa imekaa mjini, ndani ya eneo la Manispaa ya Morogoro. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliagiza halmashauri zote zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yake zihamie kwa wananchi wake. Iringa ikaenda Ihemi. Morogoro ikaenda Mvuha, kilomita 78 hivi kutoka Bigwa, mjini Morogoro, kwa barabara iendayo Kisaki.

Waliofurahia wana hoja nzito. Mtu wa Kisaki mwenye shida ya halmashauri alikuwa anapita Mvuha, anaendelea hadi mjini, analala kwa ndugu, na asubuhi anaambiwa afisa yuko semina. Sasa safari inaishia Mvuha. Halafu kuna suala la watumishi. Mhandisi anayekaa mjini anaijua barabara ya Matombo kwa taarifa iliyo mezani kwake. Akiipita kila wiki msimu wa masika, tope lenyewe litamweleza. Na mshahara ukitumika Mvuha, mama ntilie na mwenye nyumba ya kupanga wa huko nao wanapata chochote.

Ila wilaya hii haina umbo la kawaida. Milima ya Uluguru imesimama katikati, na njia nyingi za kuuzunguka mlima zinakutana mjini. Mkazi wa Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, alikuwa anapanda gari na kufika ofisini kwa muda mfupi. Leo, kwa njia ya kawaida, anafika mjini kwanza, anabadili gari, ndipo anaanza safari ya Mvuha. Kwake yeye huduma imekimbia, haikusogea.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba mkuu wa wilaya ni mmoja kwa halmashauri mbili, Manispaa na hii ya vijijini, na ofisi yake iko mjini. Mwenye mgogoro wa shamba anaweza kuanza kwa afisa ardhi Mvuha kisha akaelekezwa kwa mkuu wa wilaya mjini. Anayelipa nauli ya kuzunguka hivyo ni mkulima wa ndizi, mifuko ya serikali haimo.

Idadi ya watu nayo inazidi kubana. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 286,248 katika halmashauri hii. Ya 2022 ikakuta 387,736. Ni ongezeko la zaidi ya laki moja ndani ya miaka 10. Wapo watakaosema dawa ni kuigawa tena, kama ilivyomegwa Mvomero mwaka 2002. Siikatai moja kwa moja, lakini halmashauri mpya maana yake ni mkurugenzi mpya, magari mapya, wakuu wa idara wapya na jengo jipya, wakati kuna zahanati zinazosubiri kuezekwa. Serikali yenyewe imekuwa ikijibu bungeni kwamba inataka kwanza kukamilisha miundombinu ya maeneo ya utawala yaliyopo. Kwa hili naiunga mkono.

Kwa maoni yangu, kuhamia Mvuha kulikuwa sahihi, na kurudi mjini lingekuwa kosa. Lakini kilichohama ni ofisi. Madaraka yamebaki palepale kwa mkurugenzi na wakuu wa idara. Kikundi cha akina mama wanaotafuta mkopo wa asilimia 10, ule unaotengwa kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kinapata barua kwa mtendaji wa kata, kisha maombi yanapanda hadi halmashauri ambako uamuzi unatolewa. Hapo ndipo pa kuanzia. Maafisa wa biashara, ardhi na maendeleo ya jamii wapangiwe siku maalumu za kukaa Mikese na Ngerengere, wakiwa na mamlaka ya kumaliza jambo hapohapo. Gharama yake ni mafuta ya gari moja na posho za watu wachache, na madiwani wanaweza kuipitisha kwenye bajeti ijayo bila kusubiri tangazo la kuigawa wilaya.