Kitimoto ya Leipzig na pua ya jirani

Huku Leipzig, Ujerumani, ninakoishi, nyama ya nguruwe haina jina la kificho. Imepangwa waziwazi nyuma ya kioo cha bucha, na wenyeji huila hata mbichi: husagwa, ikatiwa chumvi na pilipili manga, ikapakwa juu ya mkate pamoja na vitunguu, nayo huitwa Mett. Nilipokaribishwa mkate huo kazini kwa mara ya kwanza nilikataa kwa adabu, kwa kuwa sisi tuliokulia Tanzania tumeonywa mno habari za minyoo ya tegu. Najua kwamba hapa nyama hukaguliwa machinjioni, lakini mkono uligoma.

Dar es Salaam tunaiita kitimoto, au kwa utani mbuzi katoliki, na sidhani kwamba majina hayo ni mzaha mtupu. Ni njia mojawapo ya kuishi na jirani Mwislamu bila kumkera. Pale Sinza unazunguka nyuma ya baa, unachagua kipande chako, kinapimwa nusu kilo, kisha unangoja muda mrefu huku jiko likiwa mbali na macho ya wapita njia. Stara hiyo naikumbuka zaidi ya nyama yenyewe.

Kwa upande wa ladha, Wajerumani wanisamehe: nyama yao ni nzuri, ila wanaionea huruma mno. Mimi hununua shingo Jumamosi, maana Jumapili maduka hufungwa, nikaikata vipande vidogo pamoja na mafuta yake, nikaipaka tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Naibandika bila kuongeza mafuta. Hutoa maji yake, yakakauka, na ile sauti ya kutokota ikageuka kuwa ya kukaanga. Hapo ndipo ninapotia vitunguu, hoho na pilipili mbuzi mbili zilizopasuliwa. Pembeni ni ugali na kachumbari, basi. Unga mweupe naufuata duka la Waafrika, kwa sababu ule wa njano wenye chenga unaouzwa madukani hapa hutoa ugali usiokubali kufanywa tonge.

Shida ni moshi wa pilipili. Jumamosi moja mama wa ghorofa ya juu alinigongea mlango akikohoa, akauliza kama kuna kitu kinaungua. Nikaona ajabu: kwetu ningemstahi jirani kwa ajili ya nyama, na huku nyama haimsumbui yeyote, pilipili ndiyo inayohitaji stara. Nilimpa kipande kimoja kwenye kisahani. Alikitafuna taratibu, machozi yakamlengalenga, akaomba maziwa.

Siku hizi tukikutana kwenye ngazi huniuliza kama Jumamosi nitapika, ili afunge madirisha mapema, na sahani yake huniletea mwenyewe.