Mtetemo wa Mashine Uzuiwe Kabla Haujafika Ukutani

Katika mitaa mingi ya Arusha, kama Unga Limited na Ngarenaro, mashine ya kusaga nafaka na chumba cha kulala cha jirani hutenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali ya saruji. Mashine ikiwashwa alfajiri, vyombo hugongana kabatini na watoto huamka. Jirani akilalamika, mwenye mashine huita fundi, na fundi humwaga zege zaidi na kukaza bolti. Nia ni njema, lakini zege husaidia pale tu lilipotengwa na sakafu ya nyumba. Mashine iliyofungwa kwa nguvu kwenye sakafu inayoendelea hadi ukuta wa jirani huwa imepewa njia ya kupeleka mtetemo wake huko.

Kwa maoni yangu, kazi ianzie ndani ya mashine yenyewe. Nyundo za kinu, yaani vipande vya chuma vinavyoponda nafaka, huchakaa kwa viwango tofauti, na fundi akibadilisha moja tu iliyovunjika, upande mmoja wa rota, yaani sehemu inayozunguka na kubeba nyundo hizo, huwa mzito kuliko mwingine. Nyundo zinazotazamana zinapaswa kubadilishwa pamoja na kulingana uzito. Beringi iliyolegea na mkanda usionyooka navyo vikaguliwe, kwa sababu hakuna msingi utakaofidia rota isiyo na mizani.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie mpira wa kuweka chini ya mashine, jambo ambalo katika mji huu uliowahi kuwa na kiwanda chake cha matairi watu hulichukulia kwa wepesi mno. Mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutikisa mara 25 kwa sekunde. Mashine ikikalia vitalu vya mpira vinavyobonyea kama milimita 5 kwa uzito wake, mwendo wake wa asili juu ya mpira huo, yaani kasi ambayo ingedundadunda yenyewe ikisukumwa mara moja, huwa takriban mara 7 kwa sekunde, na kwa kuwa mtikisiko wa mota una kasi ya zaidi ya mara tatu ya huo, sehemu kama moja ya kumi tu ya nguvu yake ndiyo hufika sakafuni. Lakini kipande chembamba cha tairi kinachobonyea nusu milimita hupandisha mwendo huo hadi takriban mara 22, karibu kabisa na zile 25 za mota, na hapo mpira huukuza mtetemo badala ya kuupunguza. Kwa hiyo kuweka mpira bila kupima umebonyea kiasi gani ni kubahatisha.

Hata mpira mzuri hauna kazi ikiwa bolti inapita katikati yake na kubana chuma kwenye zege, au ikiwa bomba la moshi la jenereta limejengewa ukutani bila kiungo kinachonyumbulika. Njia yote ya chuma ikatwe. Huko London, miaka ya 1960, jengo zima la makazi la Albany Court lilisimamishwa juu ya vitalu vya mpira ili wakazi wasisumbuliwe na treni za chini ya ardhi. Sisi tunahitaji vitalu vichache tu chini ya kinu.

Majirani pia huilaumu mashine kwa nyufa za kuta, lakini si kila ufa umeletwa nayo. Udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi hupasua kuta nyingi, na matofali yenye saruji haba hufanya hivyo pia. Kiwango cha Kijerumani cha DIN 4150 huweka kikomo cha kasi ya mtikisiko wa jengo, ili lisiharibike, kuwa milimita 5 kwa sekunde kwa nyumba za kuishi pale mtetemo unapojirudia mara chache kwa sekunde, ilhali mwili wa binadamu huuhisi hata ukiwa chini ya milimita 1 kwa sekunde. Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba mahali pasipo na ufa hapana madhara, kwani usingizi wa jirani una haki yake.

Ningependa halmashauri, zinapopokea maombi ya kibali cha ujenzi wenye mashine, zidai mchoro unaoonyesha pengo kati ya msingi wa mashine na msingi wa nyumba. Kuacha pengo hilo wakati wa kuchimba hugharimu kidogo sana, ilhali kukata sakafu iliyokwisha kukauka ni kazi kubwa na ya vumbi. Wenye mashine zilizokwisha kufungwa waanze na nyundo, beringi na bolti, kwa kuwa fundi anaweza kuzikagua wiki hii bila kusubiri kibali chochote.